Je, Wajua Jinsi Mkufunzi Anavyopanga Ukungu, Upepo na Dhoruba Ndani ya Simuleta ya Ndege?

Nyuma ya viti viwili vya marubani, ndani ya simuleta ya ndege ya abiria, yaani mashine ya mazoezi inayoiga ndege, kuna kiti cha mkufunzi. Mbele yake zipo skrini za kugusa, na kwa kidole kimoja anaweza kuleta usiku mchana kweupe, kushusha ukungu mpaka taa za uwanja zihesabike, au kutega dhoruba mwanzoni mwa njia ya kurukia. Anayeona hayo kwa mara ya kwanza hudhani ni kazi ya picha tu: unabonyeza "mvua" na mvua inanyesha.

Kumbe kila namba inayoingizwa pale husambaa kwa pamoja hadi kwenye hesabu za jinsi bawa linavyobeba ndege, nguvu ya injini, vipimo vya dashibodi, picha ya nje, rada, na ile miguu sita inayokitikisa chumba. Ndiyo maana kupanga hali ya hewa ni ujuzi unaojitegemea. Namba mbili zikipingana, rubani anafundishwa kuruka katika dunia isiyokuwepo, na akitoka hapo anaondoka na mazoea mabaya.

Hali mbaya ya hewa ndiyo iliyoifanya simuleta ikubalike tangu mwanzo. Edwin Link wa Marekani alitengeneza kifaa chake cha mazoezi mwaka 1929, lakini kwa miaka kadhaa wanunuzi wake wakubwa walikuwa viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilikabidhiwa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wake hawakuwa wamezoea kuruka kwa vipimo bila kuona nje, na kadhaa walikufa katika mawingu na theluji. Mwaka huohuo jeshi likanunua vifaa sita vya Link.

Anza na siku ya kawaida

Simuleta nyingi zina kitufe cha kurudisha hewa ya kawaida iliyokubaliwa kimataifa: nyuzijoto 15 za Selsiasi usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa wa hektopaskali 1013.25, na joto linalopungua kwa takriban nyuzi 2 kila futi 1,000 hadi kimo cha kilomita 11, ambako hufika nyuzi 56.5 chini ya sifuri. Bonyeza hicho kwanza, kisha jenga juu yake. Ukianza kurekebisha hali ya hewa uliyoikuta, utasahau kitu kimoja, na hicho kimoja ndicho kitakachoharibu zoezi.

Mgandamizo wa hewa huja mapema kwa sababu unagusa altimita, yaani kipimo cha kimo cha ndege. Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali moja ni sawa na futi 27 au 28. Tuseme mkufunzi ameweka QNH, yaani mgandamizo wa usawa wa bahari ambao altimita hurekebishwa kwao, ya 1003 kwenye skrini, lakini taarifa ya uwanja aliyowasomea wanafunzi inasema 1013. Altimita zao zitaonyesha takriban futi 280 zaidi ya kimo halisi. Watakapodhani wako futi 480 juu ya ardhi, watakuwa wamebakiza futi 200. Kama somo ni kosa la QNH, hilo ni zoezi zuri sana. Kama ni bahati mbaya, umewapima kwa kosa lako mwenyewe.

Kwenye joto, angalia kwanza uwanja uko kimo gani. Uwanja ulio futi 5,000 juu ya bahari una joto la kawaida la nyuzi 5. Ukiweka nyuzi 25, umezidisha nyuzi 20, na kila nyuzi moja ya ziada ni kama kuupandisha uwanja futi 120. Ndege sasa inapaa kana kwamba uwanja uko futi 7,400: hewa ni nyepesi, injini zinatoa nguvu pungufu, na mbio za kupaa zinarefuka. Wanafunzi lazima wapewe joto hilohilo wanapokokotoa mwendo wa kupaa na nguvu ya injini. Kompyuta ya injini inasoma joto la kwenye skrini ya mkufunzi. Haijui kilichoandikwa kwenye karatasi.

Ukungu hupangwa kwa mita, na kuna sababu

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii. Marubani hawapimi ukungu kwa maneno kama "mzito" au "mwepesi". Wanatumia RVR, yaani umbali ambao rubani aliye katikati ya njia ya kurukia anaweza kuona alama au taa zake. Kwa kutua kwa daraja la kwanza la ILS, yaani mfumo wa redio unaoiongoza ndege hadi kwenye njia ya kurukia, kimo cha uamuzi, pale rubani asipoona anachohitaji hupaa tena, hakishuki chini ya futi 200 na RVR haipungui mita 550. Kwa daraja la pili, viwango hivyo ni futi 100 na mita 300. Zoezi zima linategemea ndege kufika kwenye mpaka huo na kuona kiasi fulani tu, wala si zaidi.

Tufanye hesabu ya haraka. Ndege iko futi 200 juu, ambazo ni mita 61, kwenye njia ya kushukia ya digrii 3. Imebakiza takriban mita 1,160 kufika mahali inapolenga kutua. Pua ya ndege inaficha ardhi iliyo karibu. Kama rubani anaweza kutazama chini kwa digrii 15 tu, mita 230 za mwanzo hazioni. RVR ikiwa 550, macho yake yanaishia kama mita 545 mbele. Kinachobaki ni kipande cha mita 315 hivi, na kipande hicho kimejaa taa za kukaribia uwanja. Njia yenyewe ya kurukia haionekani kabisa, kwa kuwa mwanzo wake uko zaidi ya mita 800 mbele. Mwanafunzi anayesubiri kuona lami kabla ya kuamua atakuwa amechelewa, na simuleta iliyopangwa sawasawa inamwonyesha hivyo bila mkufunzi kufungua kinywa.

Kipande hicho ni muhimu kiasi kwamba kinapimwa rasmi kabla simuleta haijaidhinishwa. Katika kanuni za Marekani, ndege huwekwa magurudumu yakiwa futi 100 juu, RVR ikiwa futi 1,200, sawa na mita 350 hivi, kisha hukaguliwa ni taa zipi zinaonekana na zipi hazionekani.

Makosa ya kawaida hapa ni mawili. La kwanza ni kimo cha mawingu. Ripoti za hali ya hewa hutaja kimo cha wingu kuanzia ardhini pa uwanja, ilhali skrini nyingi hutaka kimo kuanzia usawa wa bahari. Kwenye uwanja wa futi 5,000, wingu la futi 300 linapaswa kuandikwa 5,300. Ukiandika 300, wingu limezikwa chini ya ardhi, na wanafunzi wanakaribia uwanja huku anga ikiwa wazi kabisa.

Kosa la pili ni kusahau kilele cha ukungu. Ukungu wa ardhini mara nyingi huishia futi mia chache juu. Usipouwekea kilele, ndege inapaa mpaka futi 10,000 ikiwa bado ndani ya ukungu, jambo ambalo rubani yeyote mzoefu atalishtukia.

Kama lengo ni watue, usiweke wingu sawa kabisa na kimo cha uamuzi. Liweke juu yake kidogo, futi 50 hivi, kwa sababu picha huanza kufifia kabla ya kugusa wingu lenyewe. Kama lengo ni wapae tena, shusha RVR iwe chini wazi ya kiwango. Kuwaacha katikati, pale ambapo mmoja anaona na mwenzake haoni, ni zoezi la aina nyingine. Lina thamani yake, mradi uwe umelikusudia.

Upepo: dira gani, na kimo gani?

Upepo huandikwa kwa upande unakotoka na kasi kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Mtego uko kwenye dira. METAR, yaani ripoti rasmi ya hali ya hewa ya uwanja, hutumia kaskazini ya kweli, wakati mnara wa kuongozea ndege hutangaza kwa kaskazini ya sumaku, inayolingana na namba za njia ya kurukia. Palipo na tofauti ya digrii 15, upepo wa noti 30 uliokusudiwa kupiga kwa pembe ya digrii 30 unaweza kuishia kupiga kwa digrii 45. Sehemu ya ubavuni imepanda kutoka noti 15 hadi 21. Kwa mwanafunzi anayejifunza kutua na upepo wa ubavuni, hizo noti sita si jambo dogo. Jua mfumo wako unataka dira ipi, kisha hakikisha kwa kuweka ndege kwenye njia na kusoma kipimo.

Upepo pia hupangwa kwa tabaka, na kompyuta hujaza nafasi iliyo katikati. Ukiweka noti 10 kutoka magharibi ardhini na noti 40 kutoka mashariki kwenye futi 1,000, umetengeneza badiliko la noti 50 ndani ya futi elfu moja. Kengele ya upepo geugeu inaweza kulia kwenye somo ambalo halikuihusu. Badilisha pole pole kadiri unavyopanda.

Na kila kitu kikubaliane. Ukungu mzito wa ardhini hauji na upepo wa noti 30, kwa maana upepo huo ungeutawanya. Joto na kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuwa matone, vinapaswa kuwa karibu sawa palipo na ukungu. Barafu ya kwenye mabawa inahitaji mawingu na joto la chini ya sifuri. Ardhini pakiwa na nyuzi 30 usawa wa bahari, sifuri iko karibu futi 15,000, kwa hiyo kuwasha barafu kwenye futi 5,000 ni kumfundisha rubani asiamini kipimo chake cha joto.

Dhoruba inayosukuma ndege chini

Tarehe 2 Agosti 1985, ndege ya shirika la Delta la Marekani, safari namba 191, ilikuwa ikitua Dallas/Fort Worth ilipopita chini ya dhoruba. Kwanza upepo wa mbele uliongezeka na mwendo ukapanda, kisha mkondo mzito wa hewa ukaisukuma chini, na mwishowe upepo ukageuka kuwa wa mkia na kuinyang'anya mwendo uliobaki. Watu 137 walikufa, mmoja wao akiwa ndani ya gari. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani na watengenezaji wa ndege wakatoa mafunzo maalumu yenye vielelezo vya upepo wa aina hiyo kwa ajili ya simuleta.

Leo simuleta za daraja la juu zinatakiwa kuwa na upepo huo tayari katika nafasi nne: kabla ya kuinua pua, wakati wa kuondoka ardhini, mwanzoni mwa kupaa, na wakati wa kutua chini ya futi 500. Mkufunzi huchagua mahali pa kuuachia na ukali wake. Kinachosahaulika ni uzito. Ndege nyepesi kwenye siku ya baridi ina nguvu ya ziada kiasi kwamba inatoka humo bila jasho, na mwanafunzi anaondoka akidhani jambo ni jepesi. Panga uzito mkubwa na joto la kutosha ili nguvu yote ya injini na kuinua pua hadi digrii 15 hivi viwe vinahitajika kweli.

Kwa msukosuko wa kawaida, uwe mchoyo. Asilimia 10 hadi 20 ya kiwango cha skrini hutosha kuwaweka macho. Ukipandisha zaidi, chumba kinatikisika mpaka hawasomi vipimo, na somo lililokusudiwa linapotea.

Hali ya njia ya kurukia huwekwa peke yake: kavu, iliyolowa, yenye barafu, au iliyolowa juu ya mabaki ya mpira wa matairi. Kunyesha kwa mvua kwenye picha hakumaanishi daima kwamba breki zimeguswa, kwa hiyo thibitisha. Kwa kukadiria mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji, zidisha 9 kwa kipeuo cha pili cha mgandamizo wa tairi kwa paundi kwa inchi mraba. Tairi la paundi 200 huelea kuanzia noti 127 hivi, mwendo ambao ndege nyingi za abiria huupita zinapogusa ardhi.

Mabadiliko makubwa fanya ndege ikiwa ardhini au ikiwa imesimamishwa hewani kwa kitufe. Ukigeuza upepo ghafla katikati ya safari, mwendo wa ardhini unabaki uleule huku mwendo wa hewani ukiruka noti 30 kwa nukta moja, na rubani otomatiki hujitoa. Ukibadilisha QNH, kimo kinahama na ndege inaanza kupanda au kushuka bila kuamriwa. Ukiihamishia ndege maili 10 kabla ya uwanja mwingine, soma tena kila tabaka, maana mawingu ya uwanja wa kwanza yanaweza kukufuata yakiwa na vimo vilevile. Na kipindi kikiisha, rudisha siku ya kawaida kabla ya kuzima taa, kwa sababu barafu iliyobaki kwenye njia ya kurukia haionekani kwenye picha ya usiku, na wa kwanza kuigundua atakuwa rubani wa kipindi kijacho anapokanyaga breki.