Usiniulize draiva ya HP, nipe namba ya chipu

“Linux ni nzuri, shida yake haina draiva.” Kauli hii kuhusu draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa vya kompyuta, imeshanichosha. Anayeitoa huwa ana tatizo la kweli: Wi-Fi haionekani, au printa haitoi karatasi. Lakini sababu anayoitaja siyo, kwa hiyo na dawa anayoitafuta huwa siyo. Mwishowe anarudisha Windows 10, ambayo Microsoft ilifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Na zile laptopu za mtumba tunazonunua Kariakoo na Luthuli, EliteBook 840 G1, ThinkPad T440, Latitude E7440, zina prosesa za kizazi cha nne ambazo Windows 11 haizikubali rasmi. Mjadala huu basi tutakuwa nao kwa muda mrefu, tuufanye vizuri.

Kwenye Windows umezoea kwenda tovuti ya mtengenezaji, kuandika modeli ya laptopu na kushusha faili la .exe. Kwenye Linux draiva karibu zote zimo tayari ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) kama moduli, yaani vipande vinavyopakiwa vinapohitajika, na moduli ipi ipakiwe huamuliwa na namba ya chipu, si nembo iliyo kwenye mfuniko. Modeli ileile ya HP yaweza kutoka kiwandani na Wi-Fi ya Intel, ya Realtek au ya Broadcom. Ndiyo maana “naomba draiva ya Wi-Fi ya HP” ni ombi lisilo na jibu. Andika hivi kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

lspci -nnk

Tafuta mstari wa Network controller. Kwenye mabano ya mraba kuna namba mbili, mathalani [14e4:4365]. Ya kwanza ni ya mtengenezaji wa chipu, ya pili ni ya chipu yenyewe. Chini yake angalia kama pameandikwa Kernel driver in use. Kwa vifaa vya USB, amri ni lsusb.

Hapo ndipo watu wanapochanganya mambo matatu yakawa moja. Kama mstari wa Kernel driver in use haupo, kweli hakuna moduli iliyoishika chipu. Kama upo na Wi-Fi bado haionekani, draiva unayo. Huenda kinachokosekana ni programu dhibiti, ile inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe. Jina la faili lililokosekana utalipata kwa sudo dmesg | grep -i firmware. Debian, moja ya aina za Linux, kabla ya toleo la 12 la mwaka 2023 haikuziweka programu hizo kwenye faili lake rasmi la usakinishaji, na naamini sehemu kubwa ya sifa mbaya ya Linux kuhusu Wi-Fi ilitoka huko. Jambo la tatu ni Wi-Fi iliyozimwa; liangalie kwa rfkill list. Ikisema Soft blocked: yes, andika sudo rfkill unblock wifi. Ikisema Hard blocked: yes, tafuta kitufe cha Wi-Fi kwenye mashine. Hakuna draiva itakayotibu swichi iliyozimwa.

Ile 14e4:4365 ni Broadcom BCM43142, nayo ni kweli haina moduli ndani ya kerneli. Inataka wl, moduli ya Broadcom wenyewe. Kwenye Linux za Ubuntu na Mint: sudo apt install bcmwl-kernel-source. Debian: broadcom-sta-dkms pamoja na linux-headers-amd64 (faili za kerneli zinazohitajika kujengea moduli). Utashushaje wakati Wi-Fi haipo? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux huiona simu kama kadi ya mtandao bila kusakinisha chochote, na simu ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi, kwa kawaida hutakula bando. Waya uwe wa data; ule wa kuchaji tu haufai.

Sasa linaloniudhi kuliko yote. Usakinishaji umeisha salama, mtu anawasha upya, Wi-Fi haipo, anatangaza: “Nimeweka draiva, imegoma.” Haijagoma. Moduli kama wl hujengwa kwenye mashine yako mwenyewe, kwa hiyo haina sahihi ambayo Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, inaitambua. Wakati wa kusakinisha, Ubuntu ilikuomba utunge nenosiri. Ukiwasha upya hutokea skrini ya bluu iliyoandikwa Perform MOK management (MOK ni ufunguo wa mwenye mashine wa kuthibitisha sahihi hizo), na husubiri sekunde chache tu. Watu wakiona bluu wanadhani mashine imekufa, wanakaa mbali, nayo inapita. Ulitakiwa ubonyeze kitufe chochote, kisha Enroll MOK, Continue, Yes, nenosiri lile, halafu Reboot. Tunga nenosiri la herufi na tarakimu za kawaida, nane hadi kumi na sita, kwa sababu skrini hiyo hufuata kibodi ya Kimarekani na alama nyingine huhama mahali. Ukiikosa, sudo modprobe wl itakujibu Key was rejected by service. Iombe skrini hiyo tena kwenye Ubuntu, kisha uwashe upya:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Wengi watakwambia zima tu Secure Boot kwenye BIOS. Hapa msimamo wangu unayumba. Kwa laptopu ya nyumbani siwezi kumlaumu mtu akiizima. Kwa mashine yenye faili za wateja napendelea MOK, ingawa najua kwamba mtumiaji wa kawaida anaweza kuipita skrini ile hata mara ya pili.

Kerneli ikisasishwa, DKMS, programu ya kujenga moduli za ziada, huijenga wl upya. Linux-headers za kerneli mpya zisipokuwepo, haijengwi, na Wi-Fi inatoweka baada ya sasisho. Ingia kwa kerneli ya zamani kupitia Advanced options kwenye GRUB (menyu ya kuwashia), kisha, kwenye Ubuntu yenye kerneli yake ya kawaida, sakinisha linux-headers-generic.

Laptopu mpya zina ugonjwa wa kinyume. Realtek RTL8852BE (10ec:b852) iliingia kwenye kerneli 6.2, wakati Ubuntu 22.04 ilitoka na 5.15. Usihangaike na skripti za watu usiowajua. Amri ya sudo apt install linux-generic-hwe-22.04, inayoleta kerneli mpya zaidi kwa Ubuntu ileile, inatosha.

Modemu za Huawei: nyingi hujitokeza kwanza kama CD, 12d1:1f01 kwenye lsusb, na kifurushi cha usb-modeswitch huigeuza. Ikishakuwa 12d1:14dc, fungua 192.168.8.1 kwenye kivinjari.

Kwa printa, malalamiko yana haki zaidi. HP LaserJet P1102, iliyojaa kwenye steshenari, inahitaji programu-jalizi ya HP wenyewe: sakinisha hplip (programu za printa za HP kwa Linux), kisha endesha hp-plugin. Toleo la programu-jalizi hiyo lazima lilingane na la hplip, kwa hiyo printa ikiacha kuchapa baada ya sasisho, endesha hp-plugin tena kabla hujafanya jambo jingine. Epson L3110 huchapa kwa printer-driver-escpr. Skana yake inataka Epson Scan 2. Canon LBP2900 ndiyo hasa inayostahili ile kauli ya mwanzo: inatumia CAPT, itifaki ya Canon wenyewe, na draiva waliyoitoa kwa Linux ni ya zamani, inategemea maktaba za biti 32. Iache kwenye mashine ya Windows. Ukienda kununua nyingine, uliza kama inakubali AirPrint au IPP Everywhere, viwango vya pamoja vya uchapaji. CUPS za sasa (mfumo wa uchapaji wa Linux) huzitumia printa hizo bila draiva ya mtengenezaji.