Huruma wakati wa janga: dhana zinazowapotosha viongozi

Janga likitokea, ushauri wa uongozi hauna uhaba: kaza uso, usioneshe huzuni, usiseme sana. Mwingi wake umejengwa juu ya kuwaogopa watu badala ya kuwajali.

Dhana: Watu wakiambiwa ukweli watataharuki

Hii ndiyo yenye madhara kuliko zote, na ndiyo inayopendwa na wakubwa. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, katika Ukraine ya leo, kililipuka usiku wa kuamkia 26 Aprili 1986. Wakazi wa Pripyat, mji ulio kilomita chache kutoka hapo, hawakuambiwa, wakaendelea na shughuli zao siku nzima, watoto wakicheza nje. Walihamishwa kesho yake mchana, saa 36 hivi baada ya mlipuko. Mikhail Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti uliomiliki kinu hicho, hakulihutubia taifa kwenye televisheni hadi 14 Mei.

Watafiti wa majanga, akiwemo mwanasosholojia Enrico Quarantelli, wameonesha kwa miongo mingi kwamba taharuki ya umati ni nadra. Katika hatari watu wengi huwatafuta ndugu zao, hubeba waliojeruhiwa, huulizana njia. Kinachowavuruga zaidi ni ukimya, kwa sababu pengo la habari hujazwa na uvumi.

Taarifa nzuri ni fupi: tunajua hiki, hiki bado hatujakijua, tunafanya hiki, tutarudi kwenu saa kumi. Ikifika saa kumi, rudi, hata kama huna jipya. Anayerudi mikono mitupu kwa wakati huaminiwa kuliko anayekuja kesho yake na hotuba iliyonyooshwa.

Dhana: Mwenye huruma hawezi kuamua magumu

Tarehe 15 Machi 2019, mtu mwenye silaha aliwashambulia waumini katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand. Watu 51 walipoteza maisha. Waziri Mkuu Jacinda Ardern alikwenda kwa wafiwa akiwa amejitanda mtandio, akawakumbatia, na wengi huishia kukumbuka picha hizo tu. Lakini siku sita baada ya shambulio alitangaza kupiga marufuku bunduki nyingi za aina iliyotumika, na 10 Aprili Bunge likapitisha sheria hiyo kwa kura 119 dhidi ya 1. Machozi na sheria vilitoka kwa mtu yuleyule, ndani ya mwezi mmoja.

Tena, uamuzi mchungu hupokelewa vizuri zaidi ukitoka kwa mtu aliyekwisha kuonekana akijali. Ukali peke yake huleta utii wa muda, mgongo ukigeuzwa kila mtu anashika lake.

Dhana: Kiongozi ndiye mwenye majibu yote

Wachimbaji 33 waliofukiwa katika mgodi wa San José, Chile, mwezi Agosti 2010 walikaa siku 17 kabla ya walio juu ya ardhi kujua kwamba wako hai. Luis Urzúa, msimamizi wa zamu, alihakikisha chakula kidogo kilichokuwepo kinagawanywa kwa usawa, na mambo makubwa yaliamuliwa kwa kura. Kila mmoja alipata kazi ya kufanya. Urzúa mwenyewe alikuwa wa mwisho kutoka, 13 Oktoba.

Dhana: Kumfariji mtu ni kumfanya asimulie yote

Hapa hata wenye nia njema huumiza. Manusura anazungukwa, anaulizwa aliona nini, alisikia nini, kisha anakuja mwingine na maswali yaleyale. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 hausemi hivyo. Unataka uangalie hali ilivyo, usikilize anayetaka kusema, umuunganishe na watu na huduma. Kumshinikiza asimulie si sehemu yake.

Kwa vitendo, keti usawa wake badala ya kusimama juu yake. Jitambulishe. Uliza kama ana maji, kama ana mahali pa kulala, kama kuna ndugu angependa apigiwe simu. Achana na "jikaze" na "afadhali wewe umepona", na usiahidi usichoweza kutimiza. Asipotaka kuzungumza, bado kuna simu ya kupigwa na blanketi la kutafutwa.