Wastani huo ni wa miaka ipi?

Katika vikao vya kupanga miradi ya maji ninavyohudhuria hapa Mwanza, jambo la kwanza ninaloulizwa huwa ni wastani: wa mvua, wa kina cha ziwa, wa matumizi. Mimi huutaja, kisha nami huuliza swali lisilopendwa sana, yaani wastani huo ni wa miaka ipi.

Mfano ninaoutumia uko mbali, katika eneo kame la mpakani mwa Marekani na Meksiko. Mwaka 1922 majimbo ya bonde la mto Colorado yalikubaliana kwamba upande wa juu na upande wa chini wa bonde upate kila mmoja takriban mita za ujazo bilioni 9.25 kwa mwaka, na mkataba wa 1944 ukaiahidi Meksiko bilioni 1.85. Vipimo vilivyotegemewa mwaka 1922 vilikuwa vya miaka michache tu. Baadaye watafiti walisoma pete za mashina ya miti mikongwe, ambazo huwa pana mwaka wa mvua na nyembamba mwaka wa ukame, wakabaini kwamba miaka ile ilikuwa ya neema isiyo ya kawaida. Tangu 2000 mto huo umetoa wastani wa karibu bilioni 15 kwa mwaka, ilhali ahadi zinazidi bilioni 20. Kinachonivutia zaidi ni makubaliano ya 2012 na 2017, ambayo hayakufuta mkataba bali yaliufungamanisha mgao wa Meksiko na kina cha bwawa la Mead, hifadhi kubwa ya maji ya mto huo, ili upungue maji yanaposhuka na uweze kuongezeka yanapopanda.

Kwetu hali ni tofauti, lakini si tofauti kama tunavyopenda kudhani. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu kubwa ya maji yake, karibu asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kiasi kinachokaribia hicho hupaa tena kama mvuke. Kwa hiyo hofu kwamba mabomba yanayopeleka maji Shinyanga na Tabora yatalikausha ziwa haina msingi wa hesabu. Ukivuta mita za ujazo 100,000 kila siku kwa mwaka mzima, umepunguza takriban nusu milimita. (Nimelirudia hili mara nyingi mialoni, na bado wapo wanaonitazama kwa mashaka.)

Kinachotikisa ziwa ni anga, pamoja na milango ya mabwawa kule Jinja, Uganda, ambako maji ya ziwa hutoka kuingia mto Nile. Mvua kubwa za 1961, zilizoambatana na joto la Bahari ya Hindi upande wa Afrika, zilianzisha kupanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mwaka 2006 ziwa lilishuka sana kutokana na ukame na pia maji kufunguliwa Jinja kupita kiasi kilichokubaliwa, lakini Mei 2020 likafikia tena kilele cha 1964. Kati ya 2006 na 2020 tofauti ni karibu mita 3. Mhandisi anayejenga kitekeo cha maji, yaani mahali bomba linapovutia maji ziwani, kwa kufuata wastani anaweza kuona bomba lake likivuta hewa mwaka mmoja, na mota zake zikifunikwa na maji mwaka mwingine. Ndiyo maana mimi hupeleka kikaoni namba mbili, ya chini kabisa na ya juu kabisa, hata pale fomu inapokuwa na kisanduku kimoja tu.

Suala la mikataba ni gumu zaidi. Misri na Sudan zilipogawana maji ya Nile mwaka 1959, zilitumia wastani wa mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka pale Aswan, kusini mwa Misri, zikajiandikia bilioni 55.5 na 18.5, na kiasi kilichobaki kikahesabiwa kuwa kitapotea kwa uvukizi; nchi za juu, ikiwemo yetu, hazikuwekewa hata tone. Mkataba mpya wa bonde zima la Nile, ulioanza kutumika Oktoba 2024 bila Misri na Sudan, hautaji ujazo wa nchi yoyote, bali unazungumzia matumizi ya haki na yanayokubalika. Wenzangu kadhaa huuona huo kuwa udhaifu. Mimi nauona kuwa nafasi ya kuandika kanuni inayofuata kina cha ziwa, na ningependa iandikwe sasa, maji yakiwa mengi, kwa sababu mwaka wa ukame kila nchi itakuja mezani na wastani wake.