Je, Wajua Kwa Nini Kusimulia Kiwewe cha Ubakaji Humsaidia Manusura Kupona?

Mwanamke aliyebakwa mara nyingi huambiwa na watu wanaompenda kwamba ajikaze, asahau, na asilitaje tena jambo hilo. Nia yao ni njema, lakini ushauri huo unakwenda kinyume na namna kiwewe kinavyokaa akilini.

Tukio la hofu kuu aghalabu halihifadhiwi kama kisa chenye mwanzo na mwisho. Hubaki vipandevipande: harufu, sauti ya nyayo, uzito wa mkono begani. Kipande kimoja kikiguswa, mwili hushtuka kana kwamba tukio linatendeka wakati huo huo, na ndiyo maana manusura huandamwa na majinamizi, hukosa usingizi na hukwepa njia, watu au mazungumzo yanayomkumbusha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992 uliwafuatilia wanawake waliobakwa na kukuta kwamba takriban wiki mbili baada ya tukio asilimia 94 walikuwa na dalili hizo kwa kiwango kikubwa, na miezi mitatu baadaye asilimia 47 bado walikuwa nazo. Kwa hiyo wapo wengi wanaopata nafuu bila tiba, na wapo wengi pia ambao maumivu yao hukwama. Kinachoyakwamisha, kwa sehemu kubwa, ni kule kukwepa: kila anapoikimbia kumbukumbu hupata ahueni ya muda, lakini akili inanyimwa nafasi ya kujua kwamba hatari imekwisha kupita.

Hapo ndipo tiba ya kisaikolojia inapoingia. Katika njia iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Edna Foa, manusura huisimulia kumbukumbu yake tena na tena akiwa mahali salama, kwa kawaida katika vikao kati ya 8 na 15, hadi kumbukumbu hiyo ipungue makali na iwe jambo la wakati uliopita. Njia nyingine, ya mwanasaikolojia Patricia Resick, ambayo tangu mwanzo ilibuniwa kwa ajili ya manusura wa ubakaji, huchukua vikao vipatavyo 12 na huyapima mawazo yaliyozaliwa na tukio, kama vile "nilijitakia" au "hakuna mtu wa kuaminika".

Wazo linalotesa kuliko mengine, kwa maoni yangu, ni lile la "mbona sikupiga kelele?" Jibu lake liko katika maumbile. Hofu ikizidi kiwango, mwili unaweza kuganda bila hiari, misuli isitii wala sauti isitoke. Katika utafiti wa Stockholm, Uswidi, uliochapishwa mwaka 2017, asilimia 70 ya wanawake 298 waliofika kliniki baada ya kubakwa waliripoti kuganda kwa kiwango kikubwa. Mwanamke anayeelewa hivyo huacha kuhesabu ukimya wake kuwa ridhaa, na lawama humrudia aliyetenda.

Hata hivyo, kusimulia huku hakufanywi kwa pupa. Katika saa 72 za mwanzo, kinachotangulia ni usalama na huduma ya hospitali, ikiwemo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unaonya dhidi ya kumlazimisha manusura aeleze kila kitu mara tu baada ya tukio. Asikilizwe anachotaka kusema, na tiba kamili itolewe iwapo dalili zinaendelea. Katika tiba hiyo pia yeye ndiye mwenye kuamua aseme nini na lini, kwa sababu uamuzi juu ya nafsi yake ndicho kitu alichoporwa.

Je, lazima awepo daktari bingwa? Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, njia ya Resick ilitolewa kwa vikundi vya wanawake vijijini na wasaidizi wa kijamii waliopewa mafunzo na kusimamiwa, na mazoezi yakarahisishwa ili wasiojua kusoma waweze kuyashika kwa kichwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba miezi sita baada ya tiba ni asilimia 9 tu waliobaki na dalili za kutosha za sonona au wasiwasi, wakati kati ya wanawake waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja walikuwa asilimia 42.