Mgombea akisema "nitashusha bei", muulize lile pengo atalibeba nani

Kila msimu wa kampeni ukifika maswali ofisini kwetu huwa hayaishi, na swali ni lile lile kwa maneno tofauti: hivi kweli serikali inaweza kushusha bei kwa amri? Mgombea mmoja kapanda jukwaani kasema nikiapishwa tu bei zinashuka, mwenzake kajibu huo ni uongo soko liachwe lijiendeshe, watu wamewapigia makofi wote wawili na wamerudi nyumbani bila kujua nani kasema la maana. Mimi ni mchumi, kazi yangu ya kila siku ni kuchambua sera za bei, na ninaandika haya kwa sababu inaniuma kuona jambo linalogusa mfuko wa kila mtu linajadiliwa kwa ushabiki kama wa mpira.

Jibu fupi ni hili. Serikali inaweza kushusha bei inayoandikwa kwenye bidhaa, leo hii, kwa karatasi moja yenye mhuri. Kisichowezekana kwa karatasi hiyo hiyo ni kushusha gharama. Chukulia kitu kinagharimu 100 mpaka kimfikie mnunuzi, serikali ikasema kiuzwe 80, ile 20, ndilo pengo lenyewe, haijayeyuka jamani, imehama tu, na kazi yetu sote kwenye mdahalo ni kuitafuta imehamia wapi. Kama muuzaji alikuwa anakula faida nono ataibeba yeye na hapo amri imefanya kazi yake vizuri. Kama faida yake ni nyembamba basi itabidi hazina ilipe ruzuku, maana yake mlipakodi ndo kaibeba. Na kama hazina nayo hailipi, inamrudia mnunuzi kwa mlango mwingine: foleni, ujazo unapungua, ubora unashuka, au bidhaa inafichwa na kuuzwa kwa magendo kwa bei kubwa kuliko ile tuliyokuwa tunailalamikia mwanzo. Na kwenye kuadimika kwa bidhaa asiye na kitu huwa wa mwisho siku zote, kwa sababu mwenye uwezo ana hela ya kununua nyingi mapema, ana pa kuhifadhi, na anajuana na mwenye ghala.

Mfano ninaourudia kila nikifundisha ni wa Marekani. Jumapili usiku, tarehe 15 Agosti 1971, Rais Richard Nixon alitokea kwenye televisheni akatangaza bei na mishahara yote isimame pale ilipo kwa siku 90. Ajabu ni kwamba Nixon binafsi alikuwa hazipendi kabisa sera za namna hiyo, enzi za vita ya pili ya dunia aliwahi kufanya kazi kwenye ofisi ya serikali iliyokuwa inapanga bei na mgao na akatoka huko hazitaki tena. Lakini uchaguzi ulikuwa mwaka unaofuata, mfumuko wa bei unawaudhi wananchi, na bunge lililokuwa mikononi mwa wapinzani wake lilishampa mamlaka hayo kwa sheria ya 1970. Kesho yake soko la hisa likapanda na watu wakashangilia. Mwaka 1972 mfumuko ukakaa kwenye asilimia 3 hivi, na Novemba Nixon akashinda majimbo 49 kati ya 50.

Sasa angalia kilichofuata. Udhibiti ulipoanza kulegezwa Januari 1973 bei zikafumuka, Juni mwaka huo akazisimamisha tena, safari hii kwa siku 60, ila mazao ghafi ya shambani yakaachwa nje ya amri. Yaani kuku anayeuzwa dukani bei yake imefungwa lakini nafaka anazolishwa kuku zinaendelea kupanda. Mfugaji akipiga hesabu anaona kila kifaranga atakayemkuza ni hasara. Basi wafugaji wakawa wanawazamisha vifaranga kwenye mapipa, maelfu kwa maelfu, na picha zikaonyeshwa kwenye taarifa ya habari nchi nzima. Wale wafugaji hawakuwa watu wabaya na wala haikuwa njama, ni ile 20 yetu imetafuta pa kwenda ikawaangukia wao, wakaikwepa, na matokeo yake miezi michache mbele kuku wenyewe hawapo. Udhibiti karibu wote uliondolewa Aprili 1974 na mwaka huo mfumuko ukafika kama asilimia 11. Niseme kwa haki, sio zote zilikuwa dhambi za amri ya bei, mafuta yalipanda sana kuanzia Oktoba 1973 na kabla ya hapo benki kuu ilikuwa imelegeza sana mkono kwenye fedha, lakini hiyo ndo hoja yenyewe: moto ulikuwa chini unawaka na amri ilikuwa kifuniko cha sufuria.

Unaona mpangilio wa tarehe lakini? Raha imekuja kabla ya kura, bili imekuja baada ya kura. Hili ndilo linalonifanya niwe mkali na ahadi za bei wakati wa kampeni kuliko wakati mwingine wowote. Hungary ni hivyo hivyo. Novemba 2021 serikali ya Viktor Orbán iliweka kikomo cha forint 480 kwa lita ya mafuta ya gari, Februari 2022 ikarudisha bei za vyakula kadhaa vya msingi kwenye kiwango cha Oktoba iliyopita, na Aprili 3 ukawa uchaguzi, akashinda kwa kishindo. Kikomo cha mafuta kilikuja kuondolewa Desemba 2022 baada ya vituo kukaukiwa, na wenye maduka kwa kuwa walikuwa wanapata hasara kwenye zile bidhaa chache walifidia kwa kupandisha nyingine. Kufikia mwisho wa 2022 bei za vyakula kwa ujumla zilikuwa juu kwa zaidi ya asilimia 40 ukilinganisha na mwaka mmoja nyuma. Vita ya Ukraine imechangia, ukame nao umechangia, ila nchi jirani zilipitia vita hiyo hiyo na hazikufika huko.

Nikisema hivi kuna watu wanadhani natetea upande wa "soko liachwe". Hapana. Upande huo nao unakwepa maswali mengi. Kama kuna kampuni moja tu yenye bomba la maji au nyaya za umeme, mteja hana pa kukimbilia na hakuna ushindani wa kumlinda, hapo serikali isipopanga bei ni sawa na kumkabidhi mtu mmoja funguo za nyumba zote, ndo maana karibu kila nchi ina chombo cha kudhibiti huduma kama hizo. Wakati wa vita au janga, bidhaa ikiwa chache ghafla na wachache wakaikalia, kuingilia kati kuna mantiki, ila wakati wa vita ya pili ya dunia Marekani haikupanga bei tu ikaishia hapo, ilitoa na kuponi za mgao, kila familia na fungu lake. Mwaka 2007 Zimbabwe iliamuru bei zikatwe kwa nusu bila mpango wa bidhaa mpya zitatoka wapi, na ndani ya wiki chache rafu za maduka zilikuwa tupu.

Na siasa za jambo hili zinageuka geuka sana, kwa hiyo usiamini mtu anayekwambia ni sera ya chama fulani tu. Uingereza mwaka 2013 Ed Miliband wa chama cha Labour aliahidi akishinda atasimamisha bili za umeme na gesi kwa miezi 20, Conservative wakamshambulia kwamba hizo ni siasa za Kimarx. Labour wakashindwa 2015. Mwaka 2017 Theresa May, wa Conservative hao hao, akaingia kwenye kampeni na ahadi ya kikomo cha bei za nishati, sheria ikapita 2018 na kikomo kikaanza Januari 2019. Cha kujifunza hapa ni kwamba kikomo chao kinapanda na kushuka kufuata bei ambayo kampuni zinanunulia nishati kwa jumla, ila wakati ule kilikuwa kinapitiwa mara mbili tu kwa mwaka. Gesi ilipopaa mwaka 2021 kampuni ndogo zilikuwa zinanunua ghali na kuuza kwa bei ya miezi iliyopita, zikaanguka karibu 30, na gharama ya kuwahamisha wateja wao ikagawanywa kwenye bili za wananchi wote. Kikomo kwa nyumba ya kawaida kilitoka paundi 1,277 kwa mwaka Oktoba 2021 mpaka 1,971 Aprili 2022, Oktoba kilikuwa kiende 3,549, serikali ikaingilia ikaweka 2,500 na tofauti ikalipwa na hazina. Pengo limehama mara mbili hapo ndani ya mwaka mmoja, kutoka kwa kampuni kwenda kwa wateja halafu kwa walipakodi. Na Marekani mwaka 2024 Kamala Harris alipoahidi kupiga marufuku ulanguzi kwenye vyakula wapinzani wake walimwita mkomunisti, mwezi uliofuata Donald Trump naye akaahidi kikomo cha asilimia 10 hivi kwenye riba za kadi za mkopo, na riba ni bei kama bei nyingine, ni bei ya kutumia hela ya mtu.

Hiyo ya riba ina mfano wa karibu zaidi. Kenya, Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alisaini sheria iliyosema benki isitoze riba zaidi ya pointi 4 juu ya riba ya Benki Kuu, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Riba ya Benki Kuu ikiwa asilimia 10.5 wakati huo, kikomo kikawa 14.5. Na wananchi walikuwa na haki ya kukasirika, riba zilikuwa za kuumiza kweli na benki zinatangaza faida kubwa kila mwaka. Ila benki ikiambiwa itoze 14.5 kwa kila mtu, itamkopesha nani? Itamchagua mwenye mshahara wa uhakika na hati ya nyumba, hela inayobaki inaipeleka kwenye hati fungani za serikali, yaani inaikopesha serikali, ambazo hazina wasiwasi, na mwenye biashara ndogo asiye na dhamana anaambiwa fomu yako tutaiangalia. Mikopo kwa sekta binafsi ikadorora, wengi wakaenda kwenye mikopo ya simu ambako ukipiga hesabu ya mwaka mzima riba ni kubwa kuliko ile ya benki waliyoikimbia. Sheria ikaondolewa Novemba 2019. Riba ya chini ilikuwepo kwenye karatasi, mkopo wenyewe ndo haukuwepo.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kushika kipaza sauti kwenye mkutano wa kampeni usimuulize mgombea kama anawajali wananchi, wote watasema ndiyo. Muulize tofauti kati ya bei mpya na gharama italipwa na nani, na kama ni hazina, itakatwa kutoka fungu gani. Muulize bidhaa ikiadimika mgao utakuwaje. Na yule anayesema soko liachwe muulize kwa nini bei iko juu, ni gharama za uzalishaji, kodi, sarafu kushuka au wauzaji wachache wamekubaliana, maana kama ni hao wa mwisho dawa ipo kwenye sheria za ushindani na yeye kasema atazitumia au la? Akijibu kwa kauli mbiu, rudia swali.

Halafu kuna swali moja ambalo sijawahi kusikia likiulizwa kwenye mdahalo, nalo ni amri inaisha lini. Ujerumani kwenye shida ya gesi ya 2023 walifanya hivi: nyumba ililipia asilimia 80 ya matumizi yake ya kawaida kwa senti 12 kwa kila uniti na serikali ikalipa kinachozidi, lakini asilimia 20 iliyobaki ukitaka kuitumia unalipa bei halisi ya soko, kwa hiyo kila mtu alipata nafuu na bado alikuwa na sababu ya kuzima heta. Ilikuwa ghali kwa hazina, na walijua tangu mwanzo kwamba ni ghali. Desemba 31, 2023 ikaisha.