Je, wajua? Kwa nini mzamiaji mwenye hewa tele mtungini huhisi anakosa pumzi

Mzamiaji yuko mita 20 chini ya maji. Geji, kipimo cha mgandamizo wa hewa iliyobaki mtungini, inasoma baa 150. Alipoanza ilikuwa 200. Kipumulio kilicho mdomoni kinampa hewa kila anapovuta. Hakuna kilichoharibika, lakini kifua kimembana, anahema, na kila pumzi anayovuta anaiona haitoshi. Kichwani limebaki wazo moja tu: kupanda juu, sasa hivi. Wengine hufika hatua ya kukitema kipumulio chenyewe kwa kuhisi kwamba ndicho kinachowaziba, na wamewahi kuopolewa wazamiaji waliokufa maji huku mitungi yao ingali na hewa.

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu: hofu hula oksijeni. Moyo unakwenda mbio, mwili unaimaliza oksijeni, ubongo unalalamika. Lilionekana jibu lenye akili, na karibu kila kipande chake kilikuwa kosa.

Tuanze na mtungi. Watu huuita mtungi wa oksijeni, nami niliuita hivyo hivyo. Kwa kawaida ndani yake mna hewa hii hii tunayovuta nchi kavu, imeshindiliwa tu: takriban 21% ni oksijeni na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Oksijeni tupu ikivutwa chini ya mita 6 hivi inaweza kumtia mtu degedege. Mzamiaji aliyejaziwa oksijeni tupu kwa safari ya mita 20 angekuwa na sababu nzuri zaidi ya kuogopa.

Kisha hesabu. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa angahewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 20, basi, mgandamizo ni mara 3 ya ule wa ufukweni, na kipumulio humpa mtu hewa yenye mgandamizo uo huo. Maana yake kila pumzi inabeba oksijeni mara 3 ya ile ambayo angeivuta akiwa ameketi nyumbani. Anayedhani anaishiwa na oksijeni ana oksijeni ya kugawia wenzake. Niliirudia hesabu hii mara kadhaa nikitafuta mahali nilipokosea, nikakuta nilikosea miaka ile mingine yote.

Kosa la tatu ndilo mama yao. Niliamini kwamba ile hamu kali ya kuvuta pumzi ni kilio cha oksijeni. Mtu akiingia katika chumba kilichojaa naitrojeni tupu, atapumua vizuri kabisa, hatahisi kubanwa, kisha atazimia. Mwili unavyo vipima oksijeni shingoni, na ugunduzi wa kazi yake ulimpa Corneille Heymans wa Ubelgiji Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938. Lakini vipima hivyo ni wavumilivu kupita kiasi: husubiri oksijeni ishuke sana ndipo vipige kelele. Ndiyo sababu wanaopiga mbizi kwa pumzi moja, bila mtungi, huonywa wasiheme kwa nguvu kabla ya kuzama. Kuhema kule hakuongezi oksijeni ya maana. Kunaifuta kaboni dioksaidi, nayo ndiyo inayopiga kengele, na mtu anaweza kupotewa na fahamu kabla kengele haijalia.

Kwamba kengele ni kaboni dioksaidi si habari mpya. Mwaka 1905 mwanafiziolojia John Scott Haldane na mwenzake J. G. Priestley, huko Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba upumuaji wa kawaida huongozwa na gesi hiyo, na kwamba ikiongezeka kidogo tu mapafuni, mtu hupumua kwa nguvu zaidi bila kuamua. Haldane ndiye aliyetunga majedwali ya kuwapandisha wazamiaji kwa usalama, yaliyochapishwa mwaka 1908. Alipowachunguza wazamiaji wa enzi zile waliovaa helmeti za shaba, alikuta uchovu na dhiki waliyolalamikia vinatokana na kaboni dioksaidi iliyojaa ndani ya helmeti. Dawa yake ilikuwa kupampu hewa nyingi zaidi.

Fikiria mwenye nyumba ambaye hafungui ghala kuona chakula kimebaki kiasi gani. Yeye hutazama vyombo vichafu tu. Vikiwa vichache, anatulia. Vikirundikana, anapiga ukelele kwamba nyumba ina njaa, hata kama ghala limejaa hadi darini. Ubongo ndivyo unavyofanya. Sehemu ya chini yake, kwenye shina, hupima jinsi damu inavyozidi kuwa na asidi kutokana na kaboni dioksaidi, yaani uchafu wa upumuaji. Siku nyingi njia hii hufanya kazi, kwa kuwa anayekula ndiye anayechafua.

Sasa kwa nini uchafu urundikane kwa mtu anayehema harakaharaka? Si angekuwa anautoa? Hapa ndipo penye utamu.

Chukua mpira wa kumwagilia bustani ulioachwa juani. Ukifungua bomba, kwanza hutoka maji ya moto yaliyolala ndani ya mpira, na ya baridi hufuata baadaye. Ukifungua na kufunga upesi, kisha ukangoja mpira upate joto tena kabla ya kurudia, utapata yale ya moto tu, hata urudie mara mia. Koo na njia za hewa ni mpira huo. Zinachukua takriban mililita 150, na hewa inayobaki humo mwisho wa kutoa pumzi ni ile iliyokwisha kutumika. Pumzi inayofuata huanza kwa kuirudisha hiyo mapafuni.

Mtu mtulivu akivuta mililita 500 mara 12 kwa dakika, anapitisha lita 6, na kati ya hizo lita 4.2 hufika kwenye vifuko vya mapafu ambako gesi hubadilishana. Mwenye hofu akivuta mililita 250 mara 24, naye anapitisha lita 6 zile zile, ila zinazofika ni lita 2.4 tu. Haraka haraka hapa haina hata hewa. Ongeza kipumulio, ambacho kinaurefusha mpira kidogo. Ongeza hewa ya mita 20 ambayo ni nzito mara 3, kiasi kwamba misuli ya kifua inatoka jasho kuisukuma. Ongeza miguu inayopiga maji kwa fujo na kuzalisha kaboni dioksaidi zaidi. Vyombo vinarundikana, kengele inalia, mtu anazidi kuhema.

Na kengele hii ina njia yake ya kufika kwenye hofu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio juu ya mwanamke anayejulikana kwa herufi S.M., ambaye amigdala zake, sehemu za ubongo zinazohusishwa na woga, zimeharibika. Nyoka hawamtishi. Alipovuta pumzi moja ya hewa yenye 35% ya kaboni dioksaidi, alishikwa na kihoro. Wengine 2 wenye tatizo kama lake walipatwa vivyo hivyo. Watu 3 ni wachache mno kujengea nadharia, lakini hoja haisahauliki.

Nisije nikatengeneza kosa jipya: si kila hofu majini huanzia hapo. Barakoa ikiingia maji, mkondo ukivuta, au naitrojeni ikilevya kuanzia mita 30 hivi, akili inaweza kutangulia na pumzi ikafuata. Tena nchi kavu mwenye kihoro mara nyingi huipunguza kaboni dioksaidi kupita kiasi, vidole vikamfa ganzi na kichwa kikawa chepesi, na hilo linaweza kutokea hata majini kwa anayevuta pumzi kubwa na za haraka. Kwa bahati njema, kupunguza mwendo wa pumzi hufaa pande zote mbili.

Ndiyo maana wakufunzi husisitiza kusimama kwanza: acha kupiga miguu, shika mwamba au kamba, kisha utoe pumzi. Kutoa, si kuvuta. Mwenye hofu anataka kuvuta juu ya kifua ambacho tayari kimejaa hewa chafu. Pumzi ndefu ya kutoa humwaga maji ya moto, na inayofuata hufika ndani. Ushahidi mwingi kuhusu pumzi za polepole na wasiwasi umekusanywa nchi kavu, kwa hiyo sidai kwamba kila mtu atatulia.

Geji nayo itazamwe, maana mara moja moja kengele husema kweli. Asiyetulia humwonyesha mwenzake ishara ya kupanda, na wanapanda pamoja bila kuzuia pumzi, kwani hewa iliyofungiwa mapafuni kwenye mita 10 hutanuka mara 2 ifikapo juu na inaweza kuyapasua. Kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, kutoka mita 20 ni dakika 2 na ushee, na dakika 3 nyingine za kusubiri kwenye mita 5, muda wa kutosha kutoa pumzi ndefu nyingi tu.