Kuja kujitolea kufundisha Tanzania: dhana potofu na ukweli

"Anayejua Kiingereza vizuri anaweza kufundisha shule yoyote."

Shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili. Fikiria somo la sehemu: mtoto anatakiwa ajue kiasi (namba ya juu) ni kipi na asili (namba ya chini) ni ipi, kisha aeleze kwa nini robo ni ndogo kuliko theluthi ingawa 4 ni kubwa kuliko 3. Mgeni asiyejua Kiswahili atachora duara ubaoni na kuligawa vipande. Watoto, kwa adabu yao, wataitikia "ndiyo mwalimu", kumbe hakuna kilichoingia, na mwalimu wa darasa atalirudia somo lote kesho yake.

Nafasi ya mgeni huyo iko sekondari, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Hata huko kidato cha kwanza kinataka subira, maana miaka yote ya msingi walifundishwa kwa Kiswahili. Peace Corps, shirika la Marekani la watu wanaojitolea, lililoanza kuleta watu Tanganyika mwaka 1961, hupeleka walimu wake wa hisabati na sayansi sekondari kwa miaka 2, na huwafundisha Kiswahili kabla hawajaingia darasani. Utaratibu huo nauheshimu sana.

"Hata wiki mbili si haba."

Kwa darasa ni haba. Wanafunzi ndiyo kwanza wanaizoea lafudhi yako, nawe unafunga mizigo. Tena wengi huja Juni, vyuo vya kwao vikifungwa, wakati shule zetu nazo huwa likizo. Mwenye muda mfupi akae na walimu: aandae nao zana za kufundishia, au awasaidie kupanga majaribio ya maabara watakayoyaendeleza wenyewe.

"Tanzania haina walimu."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Upungufu upo, hasa wa hisabati na sayansi vijijini, lakini mitaani wapo wahitimu wengi wa ualimu wanaosubiri ajira. Baadhi yao tayari wanajitolea shuleni kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi. Ukitakiwa kulipa wakala ili uje kufundisha, uliza kwanza ni kiasi gani kitafika shuleni, na kama unakwenda kukaa kwenye nafasi ya mmoja wa vijana hao.

"Hulipwi, kwa hiyo huhitaji kibali."

Unahitaji. Anayejitolea huombewa kibali cha ukaazi cha daraja C. Viza ya utalii haimruhusu kufundisha. Kenya nako, mwalimu sharti asajiliwe na Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC.

Mkuu wa shule naye asione haya kudai cheti cha ualimu na uthibitisho wa polisi wa nchi anakotoka mgeni kwamba hana rekodi ya uhalifu. Anayekuja kwa nia njema atavileta bila kinyongo, na asiyevileta asikabidhiwe watoto.